Kibanda cha Walikale

Juzi nilikuwa dukani Masisi nikingoja sabuni. Mbele yangu karani mmoja na mke wake walichagua blanketi. Bwana alitaka wakalale na watoto katika kibanda cha mbao, msituni Walikale, wapumzike tu, kama anavyofanya mzungu mwenye shamba ambako karani huyo anafanya kazi.

"Tutapita kijiji cha Kingi," akasema.

"Na sufuria kichwani, mbele ya mulango ya dada yangu? Atasema tunakimbia bugali yake," mke akamjibu.

"Basi tupite Muheto."

Mke akaliweka blanketi chini polepole. "Muheto kwa mama yako, Papa wa watoto?"

Karani akakuna kidevu. Wakatoka bila blanketi, wamenunua tu chumvi ya kumpelekea mama yake.

Sasa naelewa kwa nini yule mzungu hulala msituni kwa raha: mama yake anakaa Ubelgiji.