Mchaichai wa Itetemia

Sokoni Tabora waliniita Pua. Si jina la mtu kujivunia, lakini mimi nilivimba nalo kichwa miaka kumi na minane. Mtu ananiletea jani kalikunja kwenye leso, "Bertila, hebu nusa, hiki kivumbasi au mrehani?" Nalisugua kati ya vidole, nalinusa mara moja, namjibu papo hapo. Majani ya mchuzi wa Kihindi na mwarobaini mchanga nilikuwa nayatenganisha nimefumba macho, watu wanapiga makofi. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikadhani ile pua nimeizaa mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa saba nikashikwa na mafua, yale ya kulaza mtu wiki nzima. Homa ilipoondoka iliondoka na pua. Nilijua siku maharage yalipoungua na mimi nimekaa pale pale jikoni, mpaka binti yangu Julieth akaingia mbio: "Mama! Huoni moshi, husikii harufu?" Nikamwambia nilikuwa nimesinzia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Ningesema tu. Lakini nilijiuliza, Pua asiye na pua atakaa pale sokoni auze nini? Nani atanunua majani kwangu wakati wauza majani wamejaa? Basi nikanyamaza. Mtu akileta jani lake, nalisugua, nalipeleka puani, nafumba macho kidogo, halafu nakisia. Astaghafiru, mtu mzima mimi, naigiza kunusa!

Mchaichai naletewa na Mhoja wa Itetemia, mtu mpole mpaka anakera. Anakuja na baiskeli na mizigo miwili. Mmoja mchaichai wenyewe, wa kunywea. Mwingine ni ule unaofanana nao, tunauita wa mbu, watu wanaupanda karibu na dirisha au wanauchemsha na kupigia deki. Kwa jani huwezi kuutofautisha, lakini ukiutia kwenye chai umekunywa sabuni. Kila akishusha ananiambia, "Huu wa chai, dada, na huu wa mbu." Na mimi kila siku jibu langu ni lile lile: "Shusha bwana, unanifundisha mimi?"

Kisha nafungua mizigo yote miwili, naloweka pamoja kwenye beseni moja kubwa. Ndivyo nilivyozoea. Zamani nilichambua kwa pua huku nafunga mafungu na kupiga soga, wenzangu wakitazama kama wanaangalia kiinimacho. Pua ilipokufa sikuacha beseni. Ningeanza kutumia mabeseni mawili, si wangeuliza kulikoni? Nikawa nachambua kwa kubahatisha. Malalamiko mawili matatu yalikuja, nikayazima kwa mdomo.

Halafu ikaja zamu ya Gangaben. Huyu ni mama wa Kihindi, duka lao la vitambaa liko mjini tangu enzi za babu wa mumewe, na chai yake haipikwi bila mchaichai wangu. Jumatatu alikuja mbiombio, akachukua mafungu matatu. Wageni walikuwa wanatoka Mwanza kuja kumposa mjukuu wake, Kinjal.

Kesho yake asubuhi nikamwona anakuja taratibu, kashika fungu moja mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Bertila, chai ya wageni imenuka sabuni. Mama wa kijana anayeposa ameuliza kama huku kwetu vyombo hatusuuzi." Alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. Aliponisitiri hivyo ningeshukuru. Badala yake nikapandisha sauti, maana Mhoja alikuwa amesimama pale pale anashusha mzigo.

"Ni huyu!" nikapiga kelele. "Huyu hapa! Mimi ananiambia mchaichai, kumbe ananiletea majani ya mbu! Mnaona jamani? Unataka kuniharibia jina, wewe?"

Soko zima likageuka. Nilijua nasema uongo. Kila neno nililijua, na kila neno likawa kali kuliko lililotangulia. Mhoja alishika usukani wa baiskeli akaangalia chini.

"Labda nimekosea mimi," akasema. "Wewe ndiye mwenye pua, dada." Akaondoka, watu wakimsonya.

Gangaben hakuondoka. Aliinama kwenye beseni langu, akatoa shina moja, akatoa na la pili, akayageuza huku chini yalikokatwa. "Angalia. Hili jeupe, nene, ndilo la chai. Hili limeiva wekundu, ni la mbu. Hukunusa?"

"Nilinusa, mama."

Akaniangalia. Nasema akaniangalia, mpaka masikio yakanichoma. "Miezi mingi sasa nanusa mwenyewe kabla sijaweka kikapuni," akasema. "Jana tu nilikuwa na haraka." Akaweka mashina yale juu ya meza yangu, akaenda zake. Kumbe alijua. Alijua, na bado alikuwa anakuja kununua kwangu.

Jumatano Mhoja hakuja. Alhamisi hakuja. Wanaouza jirani wakanipongeza eti nimemkomesha mwizi, na mimi nikaitikia. Ijumaa sikuweza kula. Nikafunga meza mapema nikatembea mpaka Itetemia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, jembe mkononi. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, akamwita mkewe alete kigoda. Mimi maneno yangu nilikuwa nayo mdomoni tayari, lakini yeye ndiye akawahi kuniomba radhi.

"Umenifungua macho, dada. Ule mstari wa kule nilipewa na jirani mwaka juzi, akaniambia ndio wa mbu. Huu wa huku ni wa marehemu mama, ameupanda mimi sijaoa. Sasa uliposema vile nimenusa huku, nimenusa kule, mpaka kichwa kikaniuma. Mwisho nikasema Bertila hakosei, aliyechanganya ni mimi. Nimeng'oa wa mama wote. Njoo uninusie huu wa jirani niliobakiza, nipate uhakika."

Akanikatia jani. Nikalisugua, nikalipeleka puani, mkono umeshazoea ujanja wake. Hakuna kitu. Nikainama nikatazama shina. Jekundu. Kando ya ua kulikuwa na lundo, mizizi juu, limekaushwa na jua la siku tatu, na mashina yote chini meupe.

"Kaka Mhoja," nikasema, "mimi sinusi. Tangu mwaka jana sinusi chochote. Nilikuwa nachanganya mwenyewe, na nilipokusingizia nilijua. Huu wa mama yako ndio ulikuwa mchaichai." Nikapiga magoti kwenye lile lundo, nikaanza kutafuta shina lolote lenye mzizi mbichi. "Kesho njoo sokoni. Nitasema pale pale, mbele ya wale wale."

Nilisubiri anitukane, na wallahi nilitamani anitukane. Akaja akachuchumaa kando yangu, akaokota shina moja, akapapasa mizizi yake kwa kidole.

"Si ungeniambia tu, dada," akasema. "Ningekuwa nakunusia."