Kitambaa cha Kompyuta

Kila ninapofungua kompyuta mbovu na kunusa vumbi lililoungua, naiona ofisi ya mnunuzi wa pamba pale Bariadi, ambako mama alikuwa karani.

Kompyuta ilikuwa moja, na mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, kama cha redio yetu nyumbani. Hata alipokuwa akiitumia kilibaki juu yake, kikining'inia nyuma na kuziba feni. Ikaanza kujizima kila mchana. Tajiri alisema kama ni karani aliyeiharibu, akalime kwao.

Fundi aliletwa kutoka Mwanza. Alisugua memori kwa raba ya penseli, akabadilisha waya wa umeme, ikajizima tena. Ndipo akakiondoa kitambaa, akampa mama, akagusa kompyuta kwa nyuma na kuvuta mkono haraka.

“Mayu, hii inapumulia huku,” alisema taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Tajiri aliingia, akauliza tatizo ni nini.

Fundi alichomoa uzi mdogo wa pamba kwenye feni, akamwonyesha.

“Pamba yako, mzee. Inaruka mpaka humu.”

Tajiri aliangalia huku na huku mezani. Kitambaa mama alikuwa amekikalia.