Kaseti ya Gari Jekundu

Mbio za magari ya Formula sizielewi, na niliziangalia miaka mitatu mfululizo. Niitwe mjinga, sawa. Lakini nionyeshwe muntu wa Kindu aliyezielewa wakati wa vita, nitamwachia kiti changu.

Mimi njo niliyekuwa naweka kaseti. Patron wetu, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye duka mtaa wa Mikelenge, alikuwa na televizyo, mashini ya video na jenereta. Ndugu yake aliyekaa Goma alirekodi mbio, akatuma kaseti kwa ndege pamoja na chumvi na sabuni, bila kuandika kitu juu yake. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, magazeti hakuna. Kilichoshuka kwenye ndege wiki hii kwetu kilikuwa kipya, basi. Chumvi ilikuwa hivyo, vitenge vilikuwa hivyo, na kaseti nazo tukazihesabu hivyo hivyo.

Jumapili baada ya misa watu walijaa sebuleni kwa patron. Jenereta ilinguruma chini ya dirisha hata mtangazaji hasikiki, kwa hiyo tulijieleza wenyewe. Patron alimpenda dereva mmoja wa gari la buluu, mwenye kofia ngumu ya manjano. Timu yake ilikuwa na madereva wawili. Siku moja huyu wetu, akiwa mbele kabisa, akapunguza mwendo na kumpisha mwenzake. Nilikasirika kweli. Muntu anashinda, anampisha mwingine kwa nini? Patron akajibu bila kugeuka, "Timu iko na mukubwa wake. Ameambiwa."

Alijua alichosema, maana yeye mwenyewe alikuwa na malori mawili. La kwanza liliendeshwa na shemeji yake, la pili na mukubwa wangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Njia ya Punia ilikuwa na amri moja: shemeji atangulie. Anayetangulia anakuta udongo mzima, anayefuata anakuta matope yaliyochimbwa na magurudumu ya mwenzake. Mukubwa wangu alikwama kila safari, na alipofika shemeji alikuwa amekwisha kuuza mzigo, anapumzika. Akaomba, "Patron, na miye siku moja nitangulie." Patron akasema ataona. Hakuona kitu.

Kisha ikafika kaseti ambayo ndani yake ile kofia ya manjano ilikuwa kwenye gari jekundu. Tulibishana nusu saa nzima. Ni yeye? Si yeye? Ni yeye, amehamia kwa wapinzani! Patron alitukana mpaka jasho likamtoka. Mwezi ule ule mukubwa wangu naye akahama, akaenda kwa mfanyabiashara mwingine kule Punia, mpinzani wa patron. Sidhani alifuata kaseti. Alikuwa amechoka na matope tu. Lakini patron aliwaweka wote wawili katika kapu moja. "Wezi," akasema mbele ya wateja. "Akikanyaga Kindu, atanijua." Siku zile neno la tajiri lilifika haraka kwa wenye bunduki, na mama alielewa kwamba mwanawe hawezi tena kurudi nyumbani. Alikonda, mama. Ukimuuliza anasema ni malaria.

Miezi ikapita, na kaseti nyingine ikaja. Kofia ya manjano, gari la buluu! Amerudi! Watu walipiga makofi. Tulimwona mkuu wa timu ile akimkumbatia, na patron akacheka huku anafuta macho kwa leso. Watu walipotoka akaniambia, "Tuma neno kwa mukubwa wako, arudi. Kila muntu iko na makosa yake." Nilikimbia hadi kwa mama. Nikatuma neno kwa watu wanaosukuma baiskeli za mizigo kwenda Punia, na mama akaanza kukandika upya kuta za chumba cha mwanawe.

Sasa sikia nilichofanya. Jumapili moja, kaseti mpya mkononi, niliijaribu kabla watu hawajafika, kama ilivyokuwa kazi yangu. Kofia ya manjano. Gari jekundu. Amehama tena! Na mukubwa wangu alikuwa njiani kwa baiskeli, angeweza kufika leo au kesho. Ningesema kaseti imeharibika, nani angebisha? Unyevu wa Kindu ulikuwa unaziharibu kila mara. Patron akaingia, akauliza, "Iko muzuri?" Nikajibu, "Iko muzuri, patron."

Mukubwa wangu alifika mbio zikiwa hazijaisha. Alisimama mlangoni, matope hadi magotini, anatabasamu. Patron alimtazama, akatazama televizyo, akamtazama tena. "Umekuja kuchukua nini?" akasema mbele ya watu wote. "Leo unarudi, kesho utahama tena. Nyie njo hivyo." Mukubwa wangu aliniomba maji, akanywa amesimama, akaenda kumsalimu mama, na kabla jua halijazama alikuwa ameondoka. Alikwenda mpaka Obokote, akashika jembe. Mama tulimzika bila yeye.

Siku hizi binti wa mukubwa wangu anasoma hapa Kindu na anakaa kwangu. Wiki iliyopita alikuwa anaangalia mbio hizo kwenye simu, nami nikamsimulia habari za yule kigeugeu wa zamani, anaenda, anarudi, anaenda. Akatafuta kwenye simu, akakunja uso. "Baba mudogo, huyu alihama mara moja tu. Alianza na buluu, akaenda nyekundu, akabaki kule mpaka akastaafu."

Nilimwambia simu yake inadanganya, mimi niliona kwa macho. Akanionyesha miaka, mmoja mmoja. Kaseti ya kurudi ilikuwa ya zamani, ilichelewa Goma. Yule dereva hakurudi, wala hakuhama mara ya pili. Kichwa kikaanza kuniuma. Kama kaseti zingefika kwa mpangilio, patron asingefukuza muntu Jumapili ile. Lakini pia asingemwita. Basi kosa ni la nani? La ndege? La Goma? Nilizunguka hivyo siku nzima, na kila nikizunguka nilirudi kwenye mkono wangu na ile kaseti.

Jioni nikamwomba binti ampigie baba yake. Nilimweleza mukubwa wangu yote: kwamba ile kaseti niliiona kwanza, peke yangu, na nilijua yuko njiani.

"Na uliiweka?"

"Niliiweka."

"Kwa nini?"

Nilitafuta uongo mzuri, haukuja. "Nilitaka kuona nani atashinda."

Akauliza polepole, bila hasira, "Na nani alishinda?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Sikumbuki. Wallahi, sikumbuki.