Shemeji Alisema Paka Amechanjwa

Mwanangu alisukuma sahani kando, akaniangalia usoni, akasema, "Sili. Chakula chako kinaua."

Ana miaka saba. Hakupiga kelele wala hakununa. Alisema tu kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa kaketi pale pale mezani. Hakumkemea. Aliendelea kutafuna.

Nikaapa kimoyomoyo kwamba kuna mtu atanilipa kwa maneno yale. Nani, sikujua bado.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Mimi nashona mapazia. Nashonea sebuleni kwangu, na wateja wangu wote ni wale wanaotaka kazi jana. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, binti yangu, mama mkwe, na shemeji, mdogo wake mume wangu.

Shemeji ni kitinda mimba. Ana pikipiki na ana maneno matamu. Kazi anasema ipo njiani inakuja.

Binti alipopata paka mdogo mweupe, akamwita Pamba, nikasema huyu tutamlea kwa akili. Nikaenda kwa daktari wa mifugo. Mama mmoja mkavu, hana masihara.

"Maziwa ya ng'ombe acha, yatamharisha," akaniambia. "Mpe maji safi. Chakula cha pakiti kiwe cha paka watoto, sio cha wakubwa, na cha mbwa ndio kabisa usithubutu. Ukimchemshia kuku au samaki, usitie chumvi wala kitunguu, na utoe mifupa na miiba yote. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi."

"Na chanjo?"

"Mlete akifikisha wiki nane hivi, tuanze na za magonjwa ya paka. Zinarudiwa, usije ukachoma moja ukadhani umemaliza. Baadaye kidogo anapata ya kichaa cha mbwa."

Chakula nikakishika vizuri. Siku ya chanjo ikanikuta na mapazia ya hoteli nzima, mwenye hoteli kanikalia kooni.

"Shem, nipe mimi nimpeleke," shemeji akasema. "Hapo na hapo nimerudi."

Nikampa Pamba ndani ya kikapu. Nikampa na hela ya chanjo.

Alirudi anapiga mluzi. "Tayari. Kamelia kidogo tu."

Marudio pia alimpeleka yeye. Nilimshukuru mpaka nikamkaangia mayai.

Haikupita muda Pamba akaanza kutapika. Akaharisha. Akawa anainamia bakuli la maji na hanywi. Alikufa asubuhi kwenye mapaja ya binti yangu, kabla sijapata hata kiatu cha kuvaa nimkimbize.

Mama mkwe akatoa hukumu papo hapo, mtoto akisikia. "Paka tangu zamani wanakula makombo na wanaishi. Huyu kapikiwa kuku asiye na chumvi, kalishwa punje za kwenye pakiti. Mama yako kamuua kwa vyakula vyake vya kidaktari."

Ndiyo maana sahani yangu ikasukumwa. Mtoto akawa anakula mkate mkavu na alichopika bibi, basi. Nikipika mimi, anafunga mdomo. Mwanangu wa kumzaa ananiogopa. Kama hujawahi kuogopwa na mwanao, usitake kujua kunavyouma.

Nikamfunga Pamba kwenye kipande cha pazia, nikampeleka kwa daktari. Nilitaka kujua kama kweli nimemuua.

Alimpima, akanawa mikono, akaniuliza, "Huyu ana ugonjwa ambao tunauchanjia. Mbona hukumleta?"

"Si aliletwa? Mara mbili."

"Aliletwa na nani? Huyu paka mimi ndio namwona leo."

Kumbe. Hela ililiwa, na Pamba alizungushwa mjini kwenye kikapu kama mzigo wa viazi, akarudishwa.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi nyumbani nikawasha moto. Ningesema, shemeji angeapa hakufanya, na mama yake angeapa pamoja naye. Binti yangu angeona tu mama anamsingizia mtu ili ajisafishe. Hapana. Nilitaka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mwanangu akiwepo anasikia.

Nikarudi nikampikia shemeji chakula cha mchana. Nikamuuliza kama chumvi imekolea.

Baada ya muda, daktari akanipa paka mwingine, yatima aliyeachwa mlangoni kwake. Wa kijivu, masikio makubwa. Binti akakataa kumpa jina. "Huyo naye atakufa," akasema. Paka akaishia kuitwa Huyo.

Huyo nilimpeleka mwenyewe. Kila chanjo, kila marudio, mpaka ya kichaa cha mbwa. Shemeji anaamka jua limeshakuwa kali, kwa hiyo mimi naondoka naye asubuhi ndani ya kapu la vitambaa, narudi, nakaa kwenye mashine yangu. Nyumba nzima hakuna aliyejua.

Halafu nikatega.

"Shemeji, nina kazi nyingi. Nisaidie kumpeleka Huyo chanjo ya kichaa cha mbwa."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Kichaa cha mbwa kwa paka? Basi na mimi nichanjwe ugonjwa wa kuku."

"Wewe nipelekee tu."

Akaondoka naye. Akarudi ananukia nyama choma. "Tayari, shem. Kamelia kidogo tu."

Maneno yale yale. Hata uongo mpya hakujisumbua kuutunga.

"Asante," nikamwambia. "Mungu atakulipa."

Mpango wangu ulikuwa kusubiri mume wangu arudi, nimwalike daktari, nimuumbue shemeji kweupe. Ila Huyo hakuwa na subira yangu.

Shemeji alikuwa na tabia ya kudokoa kwenye bakuli la paka. Akimkuta anakula, anapitisha vidole anachomoa mnofu. "Paka anakula nyama, sisi watu tunakula mchuzi," anasema, anatafuna. Siku moja akapitisha mkono kama kawaida. Huyo akamshika kidole gumba, akazamisha meno, akaning'inia.

Nikamwosha kile kidole kwa sabuni chini ya bomba, muda mrefu, kama daktari alivyonifundisha. Shemeji akasema ni kidonda kidogo. Mama yake ndiye aliyekataa.

"Twende hospitali. Mwanangu hawezi kuoza kidole kwa ajili ya paka."

Tukaenda wote, na binti, maana hakuna wa kumwachia. Msisahau, mimi sikumburuta mtu.

Muuguzi akakiangalia kidole, akauliza kama paka ni wa nyumbani na kama amechanjwa.

Mama mkwe akajibu yeye. "Amechanjwa, mama. Na huyu huyu ndiye aliyempeleka. Ana huruma sana mwanangu."

Muuguzi akamgeukia shemeji. "Una uhakika? Kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, hatuna dawa ya kumrudisha mtu. Kama paka ana chanjo na yuko nyumbani, tuna la kuzungumza. Kama hana, naanza kukuchoma sasa hivi, pamoja na hapo hapo kwenye kidonda."

Shemeji akaniangalia. Mimi nikawa nasoma bango la kunawa mikono.

"Mjibu dada wa watu, shemeji," nikasema. "Si ulimpeleka mwenyewe?"

Akajaribu kucheka, kicheko kikagoma.

"Sikumpeleka," akasema.

"Ulimpeleka," mama yake akamsahihisha. "Ulirudi ukasema kamelia."

"Sikumpeleka, mama. Nilipitia kwa washikaji."

Swali la pili nilikuwa nalo tayari, nimelinoa wiki nzima. Sikupata nafasi ya kuliuliza.

"Baba mdogo," binti yangu akasema, "na Pamba je?"

Muuguzi mwenyewe akaacha kufungua bomba la sindano.

"Pamba ulimpeleka?"

"Hapana, mwanangu."

Binti akamwangalia, akamwangalia bibi yake, akanigeukia mimi. "Kwa hiyo haikuwa chakula chako."

"Haikuwa chakula changu."

Akaja akajibanza kwenye mbavu zangu. Nililia pale pale mbele za watu, na sina aibu kusema.

Shemeji akachomwa. Ya kwenye kidonda ilimtoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanaume mzima, na kila kauli ya "jamani" niliipokea kama mshahara. Akapangiwa siku za kurudi.

Na hapo ndipo pangekuwa mwisho, kama mimi ningekuwa mtu mwema.

Yule bwana alirudi nyumbani na hofu iliyomvua maneno yake matamu yote. Kasikia mitaani kwamba mnyama mwenye kichaa anaogopa maji. Basi akawa anahamishia kiti karibu na bakuli la Huyo, anamchungulia.

"Shem, Huyo kanywa maji leo?"

"Sijamwona akinywa."

Na ni kweli sikumwona. Nilikuwa nimegeuka.

Sentensi moja tu kutoka kwangu ingempa usingizi. Sikuitoa. Daktari alishaniambia hata paka mwenye chanjo aking'ata mtu, mtu aende hospitali, kwa hiyo sindano zilikuwa haki yake. Hofu ndiyo niliyomwongezea mimi, na nilimpimia kwa mkono uliojaa.

Mama mkwe hakuniomba msamaha kwa mdomo. Siku moja nikamkuta jikoni kachemsha kuku, anachambua mifupa taratibu. "Hivi ndivyo? Bila chumvi?" akauliza. Nikamwambia ndivyo. Mwanangu usiku ule alikula wali wangu na akaomba ukoko.

Shemeji alipomaliza sindano ya mwisho, nikammiminia chai, nikakaa mbele yake.

"Shemeji, Huyo alichanjwa kabla hujampakia kwenye pikipiki. Nilimpeleka mimi."

Kikombe kikabaki hewani. "Ulijua? Muda wote huu?"

"Muda wote."

"Shem, nilikuwa silali. Nimeshaaga watu."

"Mwanangu alikuwa hali chakula changu. Na wewe ulijua. Muda wote."

Akageuza shingo kuelekea jikoni, kama mtoto aliyepigwa. "Mama, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia," mama yake akajibu, hata hakutoka. "Kunywa chai, inapoa."

Mtaniambia nina roho mbaya. Sawa, ninayo, naitunza. Ila nawaachia hili: ukichukua paka mdogo, umechukua na chakula chake, maji yake na chanjo zake, na mguu wa kumpeleka uwe wako mwenyewe. Na njia ya mwongo ni fupi, wazee walishasema. Wasichosema ni kwamba kuna waongo wengine lazima uwasindikize mpaka wafike.