Korongo Aliyeupa Mlingoti Mgongo

Roswitha Tiemann alikuwa fundi cherehani wa Reiherbrück, mji wetu mdogo wenye nembo ya korongo. Mwaka 1979 manispaa ilimpa kazi ya kushona bendera mpya, akakosea. Kwa kanuni za nembo, mnyama huutazama mlingoti. Korongo wake aliupa mgongo. Mji mzima ulicheka, na mimi jirani yake nikiwamo, Mungu anisamehe.

"Roswitha, ndege wako anahama?" Egon, muuza nyama, alimtania sokoni.

"Amenusa soseji zako. Abaki afanye nini?"

Alijibu hivyo, lakini nyumbani alilia. Akashona nyingine iliyo sahihi, ile ya kwanza akaificha chini ya kabati. Mumewe, Gerwin, mtunza jengo la manispaa, ndiye aliyeipandisha ile sahihi miaka yote. Kwetu, mwenyeji akifa, bendera ya mji hufungwa utepe mweusi na kupandishwa siku ya mazishi. Hata Egon alipandishiwa. Mapafu yalipomchosha Roswitha, hakuomba kingine.

"Gerwin, usije ukanisahau na bendera yangu."

"Nikusahau wewe? Nitasahau jina langu kwanza."

Januari mosi mji wetu ukaunganishwa na wa jirani, nembo yetu ikafutwa. Roswitha akafa tarehe tisa. Siku tisa tu! Kifo hakina adabu hata kidogo.

Nilimsindikiza Gerwin ofisini. Karani, binti mpole, alimwonea huruma.

"Pole sana, Mzee Tiemann. Nembo ya zamani hairuhusiwi tena kwenye jengo la umma."

"Hata saa moja?"

"Hata saa moja. Sheria ni msumeno, mzee."

Gerwin aligeuzageuza kofia yake mkononi. Nilidhani ameshakata tamaa.

"Kwenye hiyo nembo mliyoifuta, korongo anatazama wapi?"

Binti akafungua jalada. "Mlingotini."

"Na akiwa ameupa mgongo?"

Karani alimtazama, kisha akalifunga jalada polepole. "Basi hiyo haijawahi kuwa nembo ya mji. Ni kitambaa tu, na vitambaa havinihusu."

Siku ya mazishi bendera ilipanda na utepe wake mweusi, ingali na mikunjo ya kabatini. Hakuna aliyecheka. Tulipolifuata jeneza kwenye barabara ya makaburini, nilimshika Gerwin mkono. Akageuka, akainua macho. Korongo alikuwa ameupa mlingoti mgongo, anatutazama sisi.

"Mwone," Gerwin alisema huku akilia. "Anamsindikiza."