Kipara Nilichokizamisha Ziwani

Katika kikundi chetu cha wapenda picha hapa Gisenyi tunashindana kirafiki: mmoja analeta picha mbichi, kila mtu anaihariri kwa kompyuta, Jumapili tunazionyesha ukutani. Safari hii Mama Divine, mwanachama mpya, alileta yake. Amesimama ufukweni kwa kitenge kizuri, na nyuma yake mzee mwenye kipara anatafuna sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikamfuta mzee, nikajaza maji.

Zamu yangu ilipofika nikasimama kwa maringo. “Kulikuwa na kipara kinaharibu picha. Nimekizamisha ziwani!”

Nikacheka peke yangu. Mgeni aliyekaa kando ya Mama Divine akavua kofia polepole, kichwa kikang'aa.

“Donc, kumbe ni mi umezamisha?” akauliza, mkono begani kwa Mama Divine. “Na bibi yangu umemuacha muzuri hivi, ni wa nani sasa?”