Kigurudumu cha Bi Pindo

Haya, mmenishinda. Tangu juzi ni "hebu andika, hebu andika", kana kwamba nilizaliwa na kalamu mkononi. Nitaandika, lakini asinisahihishe mtu, na nitaanzia ninapotaka mimi.

Bi Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, maana nguo yake itachakaa yote, libaki pindo. Sebuleni kwake kuna cherehani ya kanyagio karibu na dirisha, meza ya kukatia, na pembeni, chini ya kitambaa alichokitarizi mwenyewe, kompyuta. Ilinunuliwa na binti wa marehemu dada yake, ambaye Bi Pindo alimlea tangu ana miaka sita. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi maabara, mji wa mbali. Mchwa walipovamia madaftari ya vipimo, binti huyo alichukua likizo, akaketi wiki nzima akiingiza yote humo: miaka arobaini ya vifua, viuno na mabega ya watu. Madaftari yakachomwa.

Humo alikuwemo dada. Bi Pindo alimpima mara kumi na saba, ya kwanza akiwa bado anajifunza kazi, ya mwisho kiuno kimepungua inchi sita, na wote wawili wakajifanya hawajaiona tepu. Picha za dada anazo. Lakini picha haikwambii mkono wa mtu ulikuwa na urefu gani.

Basi kila kigurudumu cha nukta kilipoanza kuzunguka kwenye kioo cha kompyuta, Bi Pindo alichomoa plagi. Kwa fundi, gurudumu linalozunguka na mguu wako hauko kwenye kanyagio linatafuta kidole cha kudunga. Alichomoa hivyo karibu mwaka mzima, na akajisifu kwa majirani.

Asubuhi moja akaiwasha, majina ya wateja hayakutokea. Kioo cheusi, kigurudumu, na maneno aliyoyafuata kwa kidole, silabi moja moja: Usizime kompyuta. Asilimia tatu.

Wifi yake alikuwepo. Alikuja kuchukua sketi, akakaa saa mbili, kama kawaida yake. Akaangua kicheko. "Leo umepata bwana! Wewe usiyeamrishwa hata na kaka yangu."

"Kaka yako alijua kunyamaza. Nipe simu."

Binti alipokea upesi. "Mama mdogo, mkono wako uko wapi?"

"Kwenye plagi."

"Utoe."

"Nimekuwa nikichomoa kila mara, mwanangu. Niiache iwameze watu wangu?"

"Ilikuwa inajirekebisha, Mama mdogo. Kila ukichomoa, inaanza upya. Ukichomoa safari hii huenda isiwake tena. Na nakala sijaweka popote. Kosa langu hilo."

"Mama yako yumo humu."

"Najua yumo."

Bi Pindo akautoa mkono, polepole, kama anayeacha mtoto asimame dede. "Anayeirekebisha ni nani? Humu tuko mimi na wifi, na wifi hajui hata kutia uzi kwenye sindano."

"Nakusikia!" wifi akasema.

"Ni watu wengi, wako mbali," binti akasema. "Kazi yao kutafuta matundu ambamo mwizi wa mtandaoni angepenya. Wakiliona moja wanatengeneza kiraka, wanakituma kwa kila kompyuta."

"Wananijua?"

"Hapana."

"Na hivi nimewakatalia mwaka mzima?"

"Wanatuma tena."

Akavuta kigoda, akaikalia mikono yake. Asilimia kumi na mbili. Thelathini. Hapo ikaganda hadi chai ikapoa.

"Imekufa hiyo," wifi akasema. "Chomoa tule."

"Gusa plagi hiyo uone. Sketi yako naifanya matambara."

Themanini. Mia. Kisha kioo chote kikazimika. Bi Pindo alipokata tamaa, mwanga ukarudi. Majina. Akashuka nayo kwa kidole hadi kwa dada, mara ya kumi na saba. Kiuno, inchi ishirini na mbili. Dada yuko pale pale.

Akafanya anachofanya akitaka kupima ufundi wa mwenzake: akaigeuza kompyuta aone upande wa ndani wa mshono. Vumbi tu.

"Wifi," akanong'ona, "hakuna hata fundo."

Miaka arobaini ameshona palipoletwa, mwenye nguo akimwonyesha palipochanika. Hawa wa mbali wamefuata tundu asilolijua, kwenye kitambaa cha mtu aliyewasukuma mkono mwaka mzima, wakaziba, wakaenda bila kusema.

Siku hizi kompyuta imepangiwa isijiwashe upya saa za kazi. Jumapili alasiri Bi Pindo anabonyeza mwenyewe viraka viingie, anaketi kando yake akikunja mapindo mpaka imalize. Nakala iko kwenye flashi, ndani ya kopo la vifungo.

Nimemaliza. Sasa zamu yako, maana husomi bure. Mtafute mmoja wa watu hao wa viraka, ukampime: shingo, bega, urefu wa mkono. Mpelekee Bi Pindo, kitambaa cha kumshonea ameshatenga. Na upime kwa tepu; usikisie kwa macho.